Kengele ya Nyanzala

Siku chache baada ya kumzika bibi niliingia duka la dawa za mifugo pale Bariadi mjini, nikitafuta dawa ya viroboto wa mbwa. Muuzaji alifungua chupa ili anionyeshe ilivyo, na harufu ikanipanda puani kabla sijasema lolote. Ilikuwa kali, chungu kidogo, kama mafuta ya taa yaliyopondewa majani mabichi ndani yake. Harufu ya josho. Nilisimama pale kaunta nikaanza kucheka peke yangu, kitambaa cha msiba bado kichwani, na kijana wa watu akaifunga ile chupa haraka akidhani imenilevya. Sikumlaumu. Ningemwelezaje kwamba kwa muda ule nilikuwa na miaka sita au saba, miguu ina matope mpaka magotini, na ilikuwa Jumamosi ya josho?

Ninyi mliokua na kupe miguuni mnaijua wiki ya mvua za kwanza. Miezi mingi ardhi imekuwa ngumu kama kigae, mbavu za ng'ombe zinahesabika, na watu wazima wanaongea kwa kubana maneno. Halafu alasiri moja mawingu yanakuja kutoka upande wa ziwa, mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani, na kesho yake kila kazi iliyokuwa imelala inataka ifanywe leo leo. Zizi lizungushiwe miiba mipya, maana mchwa wamekula ya zamani. Madume wahasiwe kabla nzi hawajawa wengi. Kondoo wakatwe kwato na kunyweshwa dawa ya minyoo. Bwana mifugo anapita na chanjo ya chambavu, plau inadai bolti, mbegu za pamba zinasubiri chini ya kitanda. Na kupe, ambao sijui kiangazi chote hujificha wapi, wanaamka pamoja na majani.

Kwangu wiki hiyo ilikuwa sikukuu kuishinda Krismasi. Krismasi unavalishwa viatu vinavyobana. Wiki ya mvua hakuna anayekumbuka kama una miguu.

Nilikuwa naishi na bibi, mzaa baba, katika kijiji kilicho nje kidogo ya mji. Wazazi wangu walikuwa mjini, baba akibeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba na mama akishona nguo, na chumba chao kilikuwa kidogo mno kwa mtoto anayekimbia. Babu alikuwa amekwisha fariki. Nyumbani tulikuwa bibi, mimi, na binamu yangu Shija, kijana mrefu aliyechunga ng'ombe na kondoo wa bibi na aliyeamini kwamba kucheka mbele ya mtoto ni kumharibu.

Kiongozi wa zizi alikuwa ng'ombe mzee aliyeitwa Nyanzala, maana alizaliwa mwaka wa nzala, yaani njaa kwa Kisukuma. Shingoni alivaa kengele ya chuma iliyochakaa, kwenye mkanda wa ngozi. Sasa, aliyewahi kuona josho anajua kwamba ng'ombe mwenye akili timamu hataki kuliingia. Ni mfereji mrefu wa saruji, maji yake ya kijivu yamejaa dawa, na pa kuingilia ni ukingo ambapo mnyama hana budi kuruka tu, azame kichwa na yote, kisha aogelee mpaka kwenye ngazi za upande wa pili. Nyanzala aliruka bila kuambiwa. Akizama, akiibuka, akipanda ngazi akijipukuta, wengine nao walikuwa wameshaanza kuruka mmoja baada ya mwingine. Bibi alizoea kumsubiri kule anakotokea, nami kando yake, na Nyanzala alikuwa wa kwanza kuturushia maji ya dawa usoni.

Kiangazi kile Nyanzala alikufa. Josho lililofuata, ng'ombe wetu walifika ukingoni, wakatazama maji, wakageuka wote kwa pamoja kama watu waliokumbuka kwamba wameacha chungu motoni. Walivunja fito za uzio, wakatawanyika kwenye mashamba ya watu, na jike mmoja akavunjika mguu ikabidi achinjwe palepale. Habari hizo zilifika Mwandoya, kwa baba mkubwa, kabla nyama haijaisha.

Alifika na baiskeli siku ya pili baada ya mvua. Alikuwa mtoto wa kwanza wa bibi, mtu wa zizi kubwa na maneno machache, na nilimpenda kwa sababu alikuwa na tabia ya kusahau peremende mfukoni.

"Mwangaluka mayu," alisema, kwa adabu ya mtoto anayemwamkia mama yake.

"Mwangaluka baba. Mhola?"

"Mhola duhu," salama tu, akajibu. Hakukaa hata kwenye kigoda. "Mama, nimesikia habari za josho."

"Habari zina miguu," bibi akasema. "Kunywa uji kwanza."

Uji aliunywa, lakini maneno hakuyameza. "Baba aliwaacha hawa ng'ombe wakiwa na kiongozi. Sasa hawana. Shija peke yake hawawezi. Wasipoogeshwa, kupe watawamaliza kwa ndigana kabla pamba haijatoa maua. Nitakaa wiki hii nikusaidie kazi, na Jumamosi nitaangalia kwa macho yangu. Wakiingia josho, wabaki. Wakikataa, Jumapili nawaswaga kwenda Mwandoya, wachanganyike na wa kwangu."

Bibi alikuwa akipepeta mtama. Hakuacha kupepeta. "Na mimi nitaamshwa na nini?"

"Vipi, mama?"

"Asubuhi. Usiposikia ng'ombe, unajuaje kama umeamka?"

Baba mkubwa alicheka kidogo, akaona mama yake hacheki, akaacha. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya kinu, na kitu kimoja tu ndicho kilichoniingia: ng'ombe wataondoka kwa sababu hawana kiongozi. Basi dawa yake niliijua. Kengele ya Nyanzala ilikuwa inaning'inia kwenye msumari karibu na dirisha, haina kazi. Mwenyekiti wa kijiji wa zamani alipofariki, niliona mwenyewe mwenyekiti mpya akikabidhiwa muhuri mbele ya watu, na kuanzia kesho yake wazee waliokuwa wakimtania walianza kumwamkia kwa kuinama. Muhuri ndio uliofanya kazi hiyo. Nilishangaa watu wazima na akili zao zote hawaoni jambo lililo wazi namna hii.

"Bibi," nikamwambia, "ng'ombe hawajui nani mkubwa kwa sababu hakuna aliyeivaa kengele."

Nadhani siku hiyo hakuwa na wazo lingine bora. Alinyoosha mkono akaiangua kutoka msumarini, akaniwekea mikononi, nzito na baridi. "Haya, Kabula," akasema. "Nitafutie mkubwa."

Kuna watu wamewahi kupewa wizara wakafurahi chini ya hapo. Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya jogoo. Wakati baba mkubwa na Shija wakikokota miiba kuzungushia zizi, mimi nilikuwa natembea katikati ya mifugo nikiwakagua usoni, mmoja mmoja, mikono nyuma kama bwana mifugo. Ndama wapya walinilamba magoti. Matope yalinuka samadi na majani yaliyochipuka usiku mmoja, na kila kitu kilikuwa kinalia: ndama, kondoo, vyura, Shija aliyechomwa na mwiba.

Wa kwanza kumteua alikuwa kondoo dume, kwa sababu alitembea ametanguliza kifua. Mkanda ulikuwa mpana mno kwake, nikaifunga kengele kwa kamba ya katani. Alipopiga hatua ikalia, akashtuka. Alipokimbia ikalia zaidi, na kadiri alivyoikimbia ndivyo ilivyomfuata. Alipita katikati ya nguo zilizoanikwa, akaingia jikoni, akatoka upande wa pili na kanga ya bibi kwenye pembe, na kundi zima la kondoo likamfuata huko alikokuwa anakwenda, ambako hata yeye hakukujua. Ilichukua mpaka mchana kuwarudisha. Baba mkubwa alikuwa amelowa jasho na mvua. "Huyo ana wafuasi," alisema, "tatizo ni sera."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu Nyanzala afe, nikaona kwamba kazi yangu inaenda vizuri.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kuhasi. Wanaume walimlaza dume mmoja mmoja kwa kamba, koleo kubwa ikafanya kazi yake, na mimi nikapewa heshima ya kushika mkia. Kulikuwa na dume mwekundu mwenye nguvu ambaye nilikuwa nimemtazamia sana. Nilimvisha kengele alipoinuka tu. Alisimama amepanua miguu, macho yametazama mbali, kengele haikulia hata mara moja mpaka jioni. Shija alisema nimvue, uongozi si kitu anachokifikiria kwa sasa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona Shija karibu acheke.

Tulinywesha kondoo dawa ya minyoo kwa chupa ya soda, mimi nikiwashika masikio, manyoya yao yaliyolowa yakininukia mpaka kwenye ugali. Bwana mifugo alikuja na pikipiki na kisanduku cha barafu, akachanja, akaniambia mikono yangu inafaa kazi hii, nikaitazama mikono yangu siku nzima. Katikati ya hayo yote nilimpata mkubwa. Alikuwa Limi, mtamba wa Nyanzala, mwenye doa jeupe la mviringo usoni kama jua, na ndiyo sababu ya jina lake. Nilimvisha mkanda wa mama yake. Alitikisa kichwa mara moja, kengele ikalia, akaendelea kula. Hakukimbia. Hakununa. Nilikimbia kwenda kumwita bibi nikiwa nimeshindwa hata kusema, ninaonyesha kidole tu.

Bibi alimtazama Limi akipita malishoni, kengele ikilia kama zamani, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ni mama yake mtupu," akasema.

"Kengele haimpi ng'ombe ukubwa, mama," baba mkubwa akasema taratibu. Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona kila jioni akikagua njia ya kuelekea Mwandoya, akimuuliza Shija korongo lipi limejaa na lipi linavukika. Nilihesabu kwamba baba mkubwa hajui habari za muhuri.

Jumamosi tuliondoka umande haujakauka. Njia zote zilikuwa zimejaa mifugo, kila zizi na vumbi lake lililolala kwa mvua, kila mchungaji na mluzi wake. Josho ulilisikia kabla ya kuliona: maji yakipasuka, watu wakipiga kelele, ng'ombe wakikohoa. Halafu harufu ile. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka nikawa naruka kwa mguu mmoja bila sababu. Limi alitangulia, kengele ikilia, na wote nyuma yake. Nilimtazama baba mkubwa nione kama anaona. Alikuwa anaona.

Zamu yetu ikafika. Bibi alikwenda kusimama kule kwenye ngazi za kutokea, mahali pake pa siku zote. Mimi nilibaki nyuma na Limi, kwa kuwa kiongozi nilimteua mimi. Aliingia kwenye kishoroba cha fito, akatembea vizuri, akafika ukingoni, akainamisha kichwa akayanusa maji. Akakita miguu.

Shija alimsukuma. Baba mkubwa alimsukuma. Nyuma yao wengine wakaanza kubanana na kupandiana, fito zikalia, na Limi akajigeuza kwa nguvu zake zote mpaka mkanda wa ngozi, uliokaushwa na miaka, ukakatika. Kengele ikaanguka miguuni pangu.

"Jamani," akapaza sauti mzee mwenye ng'ombe waliokuwa wakitungoja nyuma, "watoeni ng'ombe wenu pembeni. Jua linapanda na wengine tuna mashamba."

Baba mkubwa aliuachia mkia wa Limi. Alitazama ng'ambo, kwa mama yake, na bibi alikuwa ametazama chini. Hakuna aliyesema neno Mwandoya, lakini mimi nililisikia. Niliokota kengele, na machozi yakiwa yameshaanza nikakimbia kando ya josho kumpelekea bibi, nimwambie kwamba imeanguka, nimwambie afanye kitu. Kengele ilikuwa inagonga mkononi mwangu kila hatua. Nilipofika kwenye ngazi nikaishusha, ikanyamaza.

"Piga tena," bibi akasema. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ng'ambo, ambako Limi alikuwa ameacha kujigeuza. Masikio yake yote mawili yalikuwa yametuelekea.

Nikapiga.

"Piga, mjukuu wangu. Usiache."

Nikapiga kwa mikono miwili, nikalia huku napiga. Limi alinyoosha shingo juu ya maji, akarudi nusu hatua, na akaruka. Maji yalipasuka mpaka yakamfikia baba mkubwa kichwani. Doa jeupe likaibuka, pua juu, likija upande wetu, na nyuma yake wa pili alikuwa ameshafika ukingoni, na wa tatu, na kengele nikiipiga mpaka mabega yakafa ganzi, na wote wakaruka, hata yule mwekundu aliyenuna. Kondoo walirushwa kwa mikono kama kawaida, maana kondoo haulizwi. Limi alipanda ngazi akasimama mbele yetu akajipukuta, akatulowesha mimi na bibi kuanzia kichwani, na sijawahi tena kunuka vizuri namna ile.

Baba mkubwa alikuja akizunguka josho, anadondosha maji. Alichukua kengele akaigeuza geuza kama anayetafuta kilichomo ndani.

"Hawakuwa wanamfuata aliyetangulia kuruka," bibi alimwambia. "Akisharuka hawamwoni. Walikuwa wanasikia kwamba amekwisha vuka."

Aliinamisha kichwa. Baadaye akasema, "Basi wabaki." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufikiria mbele, akaongeza, "Na huyu akienda shule mjini, nani atapiga?"

"Mikono ninayo," bibi akajibu.

Jumapili baba mkubwa aliondoka na baiskeli yake tupu, akasahau peremende nyingi kuliko kawaida. Bibi aliamshwa na ng'ombe wake mpaka uzee ulipomlaza kabisa, na Shija, ambaye sasa ana zizi lake mwenyewe na amejifunza kucheka, anapiga kengele ileile kutoka ng'ambo ya josho.

Lakini wakati ule neno moja tu la baba mkubwa ndilo lililonibakia: mjini. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba shule ile waliyokuwa wakiisema ilikuwa yangu. Baada ya Krismasi mama alikuja kunichukua. Kati ya nyumbani kwa bibi na barabara kubwa kuna korongo, na mvua zilikuwa zimeingiza maji ndani yake, si mengi. Nilikuwa nimechezea humo kila siku. Asubuhi ile nilifika ukingoni, nikayatazama, nikakita miguu. Mama alinivuta mkono. Alinibembeleza, akanitisha, akaniambia habari za sare na madaftari. Nililia kwamba sijui kuna nini kule, na kwamba sitaki.

Bibi, aliyekuwa ametusindikiza, hakunisukuma. Alikunja kanga yake magotini, akanipita, akaingia majini taratibu akipapasa mawe kwa nyayo, akatokea upande wa pili. Pale akageuka akanitazama. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa kengele ya Nyanzala, akaipiga.

Nikaingia. Maji yalinifika magotini, yalikuwa ya baridi, na sikumbuki kuogopa.